Kamba ya Mgomba kwenye Tangi la Saba

Mwezi Julai mwaka 2019, Loy Akiror alifukuzwa kazi kwa kosa la kuharibu utafiti ambao, kwa kweli, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijaribu kuuokoa. Barua iliyomfukuza ilikuwa na aya mbili. Ilisema kwamba alichanganya samaki wagonjwa na samaki wazima, ama kwa uzembe ama kwa nia mbaya, na kwamba haaminiki tena kukaribia matangi. Aliyeitia saini hakuwa amemuuliza swali hata moja. Alimpa mlinzi wa lango aipeleke, na mlinzi, kwa haya, akaikunja mara nne kabla ya kumkabidhi, kana kwamba ikiwa ndogo itauma kidogo.

Loy alikuwa na miaka arobaini na minne wakati huo. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Buteba, huku Busia ya Uganda ambako Mto Malaba hupita ukijificha na kujitokeza katikati ya mafunjo. Shuleni alifika darasa la saba. Kwa miaka mitatu alikuwa mtunza samaki katika kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Tororo, mahali ambapo ukisimama mlangoni pa chumba cha matangi unauona mwamba mkubwa wa Tororo wote, kuanzia miguuni hadi utosini. Alilisha, alibadilisha maji, alisugua vioo, na kila alfajiri alikwenda mtoni kutazama migono, ile mitego ya waya yenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani.

Kituo hicho kilikuwa na swali moja kubwa: je, samaki mmoja mmoja ana tabia yake, kama mtu? Waliochunguzwa walikuwa fulu, samaki wadogo wa urefu wa kidole, ambao majike yao hubeba mayai mdomoni. Kila fulu aliwekwa ndani ya kisanduku cheusi kilichozamishwa kwenye tangi. Mwanafunzi aliuvuta uzi, mlango ukainuka, saa ikaanza kuhesabu. Aliyetoka upesi na kuanza kuzunguka, akigusa kila kona ya mahali asipopajua, aliandikwa jasiri. Aliyebaki kisandukuni hadi muda ukaisha aliandikwa mwoga.

Loy alishangaa kwamba watu walikwenda chuo kikuu kuuliza jambo hilo. Kwao halikuwa swali. Mama yake alimfundisha kuvua tangu utotoni, wakati wa kiangazi, wanawake wakiingia kinamasini kwa mstari mmoja na vikapu vipana mikononi, wakiyakoroga maji kwa miguu, kisha wakipenyeza mikono chini ya mizizi ya mafunjo kuwatoa waliojificha. Na katika ukoo wa mama yake palikuwa na sharti lisilovunjwa: mwanamke aliyetoka kujifungua hapikiwi samaki wa mgono. Samaki wa mgono, walisema, aliingia kwa miguu yake katika nyumba asiyoijua. Mtoto atakayenyonya baada ya mama kumla samaki huyo atakuwa mtu wa kutangatanga. Mzazi hupikiwa samaki wa chini ya mizizi, yule aliyekataa kutoka. Kwa hiyo samaki wa aina hizo mbili hawakuchanganywa kamwe. Kikapu cha wale wa mizizini kilifungwa kamba ya mgomba kwenye mpini, ile kavu ya rangi ya kahawia, na hakuna aliyethubutu kuifungua, hata mlevi. Mama yake alipofariki, Loy ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwatenga. Mtoto akizaliwa mahali popote kati ya mto na barabara ya Tiira, wanawake walimtuma yeye.

Basi alipoona jinsi matokeo ya kituo yalivyokuwa yakienda, hakuweza kunyamaza. Kwa miaka miwili karibu kila fulu aliyewekwa kisandukuni alitoka kabla mtu hajameza mate. Daktari Wanjala, mkuu wa kituo, mtu mrefu wa upande wa Kenya aliyezoea kuongea huku akitazama karatasi, alikwisha kuanza kuandika makala kwamba fulu wa Mto Malaba ni majasiri kuliko wenzao wa ziwani.

"Daktari," Loy alimwambia asubuhi moja, ndoo mkononi, "hii samaki yote iko tabia moja kwa sababu mgono ndiyo inachagua."

"Mgono hauna macho, Mama Isaac. Utachaguaje?"

"Samaki yenye inaogopa haiingii. Inaona mgono, inarudi kwa mizizi. Ni kama nyinyi munaita watu kwa karamu, wale wanakuja munawahesabu, munasema kijiji yote inapenda karamu. Na wale walibaki nyumbani?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Daktari pia alicheka, tena bila ubaya. "Mama Isaac, wewe ungekuwa wakili! Haya, tangi la pili halijapata chakula."

Maneno aliyoyasema mwanamke huyo yalifichua kasoro ambayo mtaalamu wa takwimu angehitaji kurasa tatu kuieleza: chombo cha kukamatia kilikuwa kimekwisha kutoa jibu kabla ya swali kuulizwa. Lakini yalitoka kinywani mwa mtu aliyeshika ndoo, katika Kiswahili cha sokoni, na kwa hiyo yalipokelewa kama kichekesho cha asubuhi. Wasomi wangapi wamekwisha kusahihishwa na wapishi wao, madereva wao na wafagiaji wao, na wakacheka?

Loy aliamua kuwaonyesha. Jumamosi moja ya mwezi Juni alikwenda kinamasini na wanawake wawili wa Buteba, wakatoa fulu ishirini na sita chini ya mizizi. Aliwatia katika mtungi wa plastiki wenye maji ya mto, akapanda bodaboda ya mwanawe Isaac, akaushikilia mtungi ule mapajani hadi Tororo kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Tangi la saba lilikuwa tupu. Aliwamimina humo polepole. Kisha akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kwao angelifanya: alitoa kamba ya mgomba kiunoni akaifunga kwenye bomba la tangi, mafundo mawili.

Kwake yeye alikuwa ametoa taarifa rasmi. Kamba ile ilisema: hawa ni wa mizizini, watengeni, wapimeni peke yao. Haikumpitia akilini kwamba kuna watu wazima, waliosoma, wasioijua maana yake. Hilo lilikuwa kosa lake, na ndilo pekee.

Jumatatu, mfagiaji mgeni aliikata kamba kwa wembe akaitupa pamoja na takataka. Wanafunzi walikuta samaki katika tangi la saba, wakadhani ni wa migono kama wengine wote, wakaanza kuwapima. Kati ya wale ishirini na sita, ishirini na wawili hawakutoka kisandukuni kabisa. Walikaa humo, mapezi yakipepea taratibu, wakiutazama mlango uliokuwa wazi. Daktari aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaona ugonjwa. Aliuliza nani alijaza tangi. Akaambiwa.

"Nilifunga kamba!" Loy alimwambia mlinzi alipopokea barua.

"Kamba gani, mama?"

Walirudi kutazama. Bomba lilikuwa safi, linang'aa.

Kupoteza kazi kulimuuma, lakini si kama neno moja lililokuwa ndani ya barua ile: kuchanganya. Neno lilifika kwao kabla yake. Huko kituoni lilikuwa neno la kiofisi tu. Buteba lilikuwa shutuma ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwatupia wanawake wa ukoo wake. Mwezi Agosti, Ritah, mke wa mpwa wake, alijifungua mtoto wa kike nyumba ya tatu kutoka kwake. Loy aliosha kikapu chake, akakiweka mlangoni, akangoja kuitwa. Jioni alimwona mwanamke mwingine akipita na kikapu chenye kamba ya mgomba, akiangalia upande wa pili wa njia.

Quinter, rafiki yake wa siku nyingi, mchuuzi wa samaki aliyevuka mpaka kila siku kutoka Busia ya Kenya, alijaribu kumchangamsha kwa njia yake.

"Aki Mama Isaac, watu hufukuzwa kazi na mabosi. Wewe umefukuzwa na dagaa!"

"Si dagaa. Ni fulu."

"Hawa hawa wa kukaangwa, ukila mmoja meno hayajui? Wacha hao. Kuja tuuze omena."

Loy alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, lakini hakwenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. "Quinter, kama mimi nachanganya samaki, basi mama yangu hakunifundisha kitu. Nataka hiyo neno itoke."

"Itatoka aje? Imeandikwa na daktari."

"Samaki ndiyo itatoa."

Alichimba kidimbwi nyuma ya nyumba, mahali ambapo chemchemi ililowesha shamba lake la magimbi. Akapanda mafunjo ukingoni, akatia fulu ishirini wa mgono na ishirini wa mizizini, na kila mmoja wa mizizini alimkata ncha ndogo sana ya pezi la mgongo ili amtambue. Katika daftari la shule la Isaac, ambalo kurasa zake za nyuma zilikuwa bado nyeupe, alianza kuandika. Kila asubuhi, kabla ya kulima, aliteremsha majini kitu ambacho samaki hawajawahi kukiona: kikombe cha bati, kandambili iliyokatika, kifuniko chekundu cha chupa kilichofungwa uzi. Kisha alichuchumaa bila kutikisika na kungoja nani atakuja kwanza.

Majirani walimwona akivua kandambili kwenye shimo la maji, wakatikisa vichwa. Lakini hebu fikiria uvumilivu huo! Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemngojea, na hakuna aliyemwamini. Kwa miaka miwili na nusu aliacha asubuhi tatu tu, mbili kwa malaria na moja kwa mazishi.

Alijifunza mambo ambayo kisanduku cheusi hakikuyajua. Palikuwa na dume mmoja mwenye mkia uliopasuka, aliyempa jina Mpasuko, ambaye alikifikia kila kitu kipya kabla ya wote, akakigonga kwa pua na kuondoka kama mkaguzi. Alikuwa hivyo mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi na nne alikuwa vilevile. Palikuwa na jike wa mizizini aliyemwita Bibi Harusi, maana alitoka mwisho, baada ya kubembelezwa, na akitoka hakwenda mbali. Majasiri ndio waliogundua chakula kilipohamishwa upande mwingine. Lakini mdiria, yule ndege mla samaki, alipoanza kukijua kidimbwi, hao ndio aliowala kwanza. Wale waoga walichelewa kuijua njia mpya, ila wakiisha kuijua hawakuisahau, hata maji yalipochafuka kwa mvua. Aliandika, kwa mwandiko wake mkubwa ulioinama: *Samaki hii haiogopi sababu ni mjinga. Inangoja.*

Mwezi Mei mwaka 2022 mwanamke kijana mwenye viatu visivyofaa tope alifika uani kwake. Aliitwa Sandra, mwenyeji wa Tororo, aliyekuwa akisomea shahada ya pili pale kituoni. Loy alipolisikia jina la kituo, aliendelea kumenya magimbi.

"Mama, nimesoma kumbukumbu za zamani," Sandra alisema. "Kuna samaki wa tangi la saba walioondolewa kwenye hesabu kwa sababu walikuwa wagonjwa. Lakini nimetafuta miezi sita iliyofuata. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Wagonjwa gani hao wasiokufa?"

Kisu kilisimama.

"Mlinzi ameniambia kulikuwa na kamba," Sandra aliongeza. "Sikuelewa. Nimekuja kuuliza tu."

Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita na huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Loy alimtazama miguu. "Mwanangu," akasema mwishowe, "toa hiyo viatu. Jibu iko kwa maji."

Wanawake wengine walikubali kwenda nao kwa udadisi tu. Sandra aliingia kinamasini kwa hatua mbili za heshima, ya tatu ikamkalisha majini hadi kifuani.

"Mwalimu anapima kina kwa makalio!" mmoja wao alipaza sauti, na mstari wote ukayumba kwa kicheko, Sandra mwenyewe akicheka kuliko wote. Loy alimshika mkono, akaupeleka chini ya mizizi, hadi vidole vya msichana vikagusa kitu kilichotetemeka na kutulia. "Unasikia? Huyu hawezi kuja kwa mgono yenu mpaka Yesu arudi."

Usiku ulipoingia daftari la Isaac lilikuwa mkobani mwa Sandra, kwa ruhusa, na sharti la kulirudisha.

Sandra alikuwa mwangalifu, na kazi yake ilichukua zaidi ya mwaka. Alipima fulu sitini wa migono na sitini wa mizizini, na wanafunzi waliovuta uzi hawakuambiwa nani ni nani. Wa migono walitoka hamsini na wanne. Wa mizizini walitoka kumi na mmoja. Alirudia baada ya mwezi kwa samaki wale wale, na karibu kila mmoja alifanya kama alivyofanya mwanzo. Akaweka karatasi zote mbele ya Daktari Wanjala, na juu yake akaliweka daftari la shule.

Inasemekana Daktari alisoma hadi chai ikapoa. Haki yake apewe: alikuwa na uwezo wa kulizima jambo hilo, kwa kuwa makala yake ilikuwa imekwisha kuchapishwa na kusifiwa, naye hakulizima. Siku kumi baadaye alikuja Buteba mwenyewe. Alikaribishwa kiti, akapewa karanga na maji, akazungushwa kidimbwini. Loy alimwonyesha wajukuu wa Mpasuko.

"Mama Isaac," alisema, na safari hii hakuwa na karatasi ya kutazama, "tutaandika makala mpya ya kusahihisha ile ya kwanza. Na mwishoni tutaweka shukrani kwa jamii ya Buteba."

Loy alifikiri kidogo. "Jamii ya Buteba haikufukuzwa, Daktari. Mimi ndiyo nilifukuzwa."

Quinter, ambaye hakualikwa lakini alikuwapo, aliguna kwa sauti ya kusikika.

"Unataka tufanye nini?" Daktari aliuliza. "Kazi ipo. Nitakurudisha hata kesho."

"Kazi tutaongea. Kwanza ile neno. Wewe uliandika mimi nachanganya samaki. Hiyo barua ilifika mbali kuliko samaki yako yote. Mtoto ya Ritah alizaliwa, sikuitwa. Watoto saba wamezaliwa, sikuitwa. Kuja useme mbele ya hawa wamama, na mdomo yako, kama mimi nilichanganya ama sikuchanganya. Halafu uandike jina yangu. Loy Akiror. Si jamii."

Daktari alishusha macho kwenye maji. Mtu asiyezoea kuomba radhi huonekana mdogo anapoanza, na alionekana hivyo. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, wakati wanawake wanapotoka kinamasini kugawana samaki kwenye nyasi za ukingoni. Alisimama kati ya vikapu, suruali imekunjwa, akasema kwa sauti iliyofika kwa wote kwamba barua ya mwaka 2019 ilikuwa ya uongo. Kwamba Loy Akiror hakuchanganya samaki, bali aliwatenga, na wao kituoni ndio waliowachanganya kwa kukata kamba wasiyoijua. Akamkabidhi nakala ya barua ile ikiwa imefutwa kwa mstari na kutiwa saini upya.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake wa pale hawapigi makofi kwa deni lililochelewa kulipwa. Lakini Ritah, aliyekuwa na mimba ya pili iliyokwisha kuonekana, alijiinua kutoka nyasini, akakisogeza kikapu chake kitupu kwa mguu hadi mbele ya Loy. "Shangazi," akasema, "mimi nahesabu kuzaa mwezi wa Machi. Usiende safari."

Loy aliinama kukichukua. Kamba ya mgomba ilikuwa kiunoni mwake, kama ilivyokuwa siku zote hizo.

Makala mpya ilitoka mwishoni mwa mwaka 2024, na jina la Loy Akiror ni la pili kati ya majina matatu. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amekwisha kurudi kituoni, si kama mtunza matangi, bali kama msimamizi wa ukamataji wa samaki, na siku hizi wanafunzi humfuata kinamasini kwa mstari mmoja bila viatu. Tangu tarehe 4 Machi 2024, kila tangi lenye samaki wa chini ya mizizi katika kituo hicho hufungwa kamba ya mgomba kwenye bomba, na kanuni iliyobandikwa mlangoni inakataza mtu yeyote kuikata. Juma lile lile Ritah alijifungua mtoto wa kiume, na samaki wake wa kwanza walitoka katika kikapu cha Loy.